Mwamko wa Ulaya Ufundishwe Kuanzia Forodhani

Kila mara tufikapo katika sura ya Mwamko wa Ulaya, wanafunzi wa hapa mpakani huuliza swali moja: "Mwalimu, mambo ya Italia yatuhusu nini sisi watu wa Busia na Tororo?" Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Wako walimu walijibuo kwa kusema kwamba huenda jambo hili likatokea katika mtihani. Jibu hilo halimtoshi kijana mwenye akili, maana mtihani ukipita na jibu limekwisha. Nikiwa mmoja wa wafundishao historia, nataka leo kutoa maoni yangu, ili wanafunzi pamoja na ndugu zetu waliomaliza shule zamani wapate kuyapima.

Maoni yangu kwa kifupi ni haya. Asili ya Mwamko wa Ulaya yafaa ifundishwe kwetu kuanzia forodhani, yaani mahali wafanyabiashara wa lugha mbalimbali wanapokutana, wakahesabu mali na kulipa ushuru. Nasema hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, mambo yenyewe kwa sehemu kubwa yalianzia mahali pa namna hiyo. Ya pili, kijana wa Busia aweza kuyafahamu upesi kuliko kijana wa mahali pengine, maana amekua kando ya forodha.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mwamko ninaousema ni ule wakati, tangu karne ya 14 mpaka ya 16, ambapo watu wa miji ya Italia, kisha wa nchi nyingine za Ulaya, walivitafuta vitabu vya kale vya Wayunani na Warumi, wakavisoma upya, wakabadili namna ya kuchora, kujenga, kuandika na kufikiri. Jina lake lilikuja baadaye. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wachoraji wenzake, alisema habari za sanaa kuzaliwa upya. Mwaka 1855 Mfaransa Jules Michelet akautumia wakati ule neno Renaissance, nalo likaenea duniani. Hakuna mtu wa Italia aliyeamka asubuhi moja akawaambia jirani zake kwamba Mwamko umeanza leo.

Sasa tutazame jibu lililozoeleka katika madaftari. Ukimwuliza mwanafunzi asili ya Mwamko, mara nyingi atakwambia hivi: mwaka 1453 Waturuki waliuteka mji wa Constantinople, wataalamu wa Kiyunani wakakimbilia Italia na vitabu vyao, basi Mwamko ukaanza. Jibu hilo ni fupi na ni rahisi kulikariri. Lakini na tulipime kwa hesabu ya kutoa. Francesco Petrarca, aliyezikuta mjini Verona mwaka 1345 barua za Cicero zilizokuwa zimesahauliwa, alifariki mwaka 1374, yaani miaka 79 kabla ya mji ule kutekwa. Manuel Chrysoloras, Myunani wa Constantinople, alianza kufundisha Kiyunani mjini Florence mwaka 1397, miaka 56 kabla. Kuba kubwa la kanisa kuu la Florence, kazi ya Brunelleschi, liliwekwa wakfu kanisa hilo mwaka 1436 likiwa limekwisha kujengwa, miaka 17 kabla. Mtoto hazaliwi kabla ya mama yake. Wayunani waliokimbia mwaka 1453 walitia kuni katika moto uliokwisha kuwaka.

Je, moto huo uliwashwa wapi? Uliwashwa mahali pengi, wala sidai kwamba jambo kubwa namna hii lina chanzo kimoja. Lakini mahali pamoja napenda vijana wetu wapajue kwanza, napo ni katika Afrika.

Karibu na mwisho wa karne ya 12, mji wa Pisa wa Italia ulikuwa na wafanyabiashara wake katika bandari ya Bugia, kaskazini mwa Afrika. Bandari hiyo leo huitwa Bejaia, nayo imo katika nchi ya Algeria. Karani aliyewaandikia wafanyabiashara hao mambo yao forodhani alikuwa na mtoto jina lake Leonardo. Baba alimwita mtoto aje kukaa naye ajifunze hesabu. Huko Bugia kijana akafundishwa tarakimu tisa za Wahindi pamoja na alama ya sifuri, ambazo Waarabu walikuwa wakizitumia. Wakati ule sehemu kubwa ya Ulaya iliandika hesabu kwa tarakimu za Kirumi. Atakaye kuijua shida yake na ajaribu kuzidisha XLVIII mara XXVII bila ya kuzigeuza.

Leonardo baadaye akasafiri Misri, Shamu, Uyunani na Sicily, akijifunza kila alipofika, na mwaka 1202 akaandika kitabu kiitwacho Liber Abaci. Ndani yake zimo bei za pilipili, namna ya kugawana faida, na namna ya kubadili fedha za mji huu kwa fedha za mji ule. Mwanafunzi aliyepata kumsaidia mama yake sokoni Busia kubadili shilingi za Kenya kwa shilingi za Uganda hatazishangaa hesabu hizo, ila atauliza tu mabadilisho ya siku ile yalikuwa kiasi gani. Wapisa wengi walipita katika forodha ya Bugia wakanunua, wakauza, wakarudi kwao. Huyu mmoja alijifunza, akalinganisha, akaandika. Karibu na mwaka 1240 mji wa Pisa ukamwekea mshahara wa kila mwaka kwa msaada aliowapa wananchi katika mambo ya hesabu.

Kiswahili chetu nacho ni shahidi wa habari hizi. Sisi husema sifuri, kutokana na neno la Kiarabu. Leonardo aliliandika neno lilo hilo kwa Kilatini kuwa zephirum, na Waitalia wakaendelea kulifupisha mpaka likawa zero. Sisi twamwita mjumbe wa baraza diwani. Waitalia walilitwaa neno hilo la Waarabu wakalifanya dogana, maana yake forodha. Sisi husema taarifa. Waitalia wakafanya tariffa, yaani orodha ya ushuru. Neno karatasi asili yake ni ya Kiyunani. Lilipita kwa Waarabu likafika pwani yetu, kisha likapanda bara mpaka Tororo. Lakini neno hilo la Kiyunani lilishika na njia nyingine, likapita Roma, nalo Italia huitwa carta. Basi mwanafunzi anaposema, "Mwalimu, nipe karatasi," amesema neno la Wayunani ambalo halikupita Florence hata kidogo.

Vitabu navyo vilisafiri kama maneno. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefanya kazi chini ya makhalifa wa Kiislamu, alikusanya nakala za vitabu vya Kiyunani, akazilinganisha, akazitafsiri. Alifariki mwaka 873. Miaka mia tatu baadaye Gerard wa Cremona alitoka Italia akaenda Toledo, katika Hispania, mji uliokuwa wa Waislamu mpaka mwaka 1085. Alikwenda kutafuta kitabu cha Ptolemy juu ya nyota, akajifunza Kiarabu, akakitafsiri kwa Kilatini, na vingine vingi pamoja nacho. Alifariki mwaka 1187. Twaona basi kwamba miji iliyopitisha elimu hii ilikuwa miji ya mipaka, yenye watu wajuao lugha mbili au tatu. Hapa kwetu kijana wa Malaba asemaye Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani haoni kwamba amefanya jambo la ajabu. Toledo watu wa namna hiyo walikuwa mali.

Wala msidhani kwamba jambo jipya lilipokewa kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu zao kwa tarakimu hizo mpya. Lakini biashara ilikuwa imekua mno. Florence ilikuwa imetoa sarafu yake ya dhahabu mwaka 1252, na dhahabu ya miji ya Italia wakati ule kwa sehemu ilitoka Afrika Magharibi, ikivuka Sahara kwa ngamia. Mwandishi Giovanni Villani, aliyekuwa mfanyabiashara mwenyewe, aliandika kwamba karibu na mwaka 1338 watoto 8,000 hadi 10,000 wa Florence, wavulana kwa wasichana, walikuwa wakijifunza kusoma, na kwamba wavulana 1,000 hadi 1,200 walikuwa katika shule sita za hesabu. Miaka kumi baadaye tauni iliingia mjini ikaua watu wengi mno, na Villani mwenyewe akafa. Shule hizo za hesabu ziliendelea.

Wengine watauliza hesabu za duka zahusiana nini na picha nzuri. Zahusiana sana. Piero della Francesca, mmoja wa wachoraji wakubwa wa karne ya 15, aliandika kitabu cha hesabu za biashara, akaandika na kitabu juu ya namna ya kuchora vitu ili vya mbali vionekane vya mbali. Akili iliyopima pipa la divai ndiyo iliyopima ukuta wa kanisa. Na tukumbuke mwaka 1397: mwaka ule ule Chrysoloras alipoanza kufundisha Kiyunani Florence, Giovanni de' Medici aliianzisha benki yake mjini humo. Neno benki lenyewe latokana na neno la Kiitalia la ubao au meza ya mbadili fedha. Wabadili fedha wa mpakani, wenye mafungu ya noti mkononi, wasiambiwe kwamba kazi yao haimo katika historia.

Sasa naja kwenye jambo liniumizalo moyo. Hapa mpakani vijana wengi huacha shule kabla ya wakati. Wengine hukosa karo, na hao siwalaumu. Lakini wako waachao kwa sababu wamekwisha kuamini kwamba pesa iko mpakani na shule iko mbali na pesa. Wavulana huenda kubeba mizigo au kuendesha boda boda. Wasichana huenda kuuza bidhaa kando ya barabara. Nasi walimu twawasaidia kuamini hivyo, tunapoufundisha Mwamko kana kwamba ni habari za majumba ya wafalme na za watu wachache wenye vipaji walioshuka kutoka mawinguni. Kijana husikiliza, akaona elimu ni kitu cha watu wa mbali, na forodha ni kitu cha kwao.

Wazee wa Florence hawakufikiri hivyo. Wao waliwapeleka watoto shule kwa sababu ya biashara yenyewe. Walijua kwamba asiyeweza kuandika hesabu zake atafanya kazi kwa ajili ya yule awezaye. Nataka kijana wa Busia aisikie habari hii akiwa na umri wa miaka 14 au 15, kabla hajaamua kuacha shule, wala asiisikie baada ya miaka kumi akiwa anatafuta mtu wa kumjazia fomu ya forodha.

Hata hivyo tusijipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuwa na mpaka na soko hakutoshi. Sisi wenyewe tumekuwa na soko kubwa miaka mingi. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa Busia mwaka 2018, na msafiri sasa hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Jambo hilo ni jema kwa malori. Elimu itavuka tukiibeba sisi wenyewe. Mpaka huu umepata kutoa vitu vyake: neno boda boda lilizaliwa hapa, wakati waendesha baiskeli walipowavusha watu kutoka kituo hiki mpaka kile, nalo sasa lasemwa katika nchi nyingi za Afrika. Lakini ni nani aliyeketi kuandika kwa ukamilifu habari za watu wale wa kwanza?

Tena tusiufundishe Mwamko kama sikukuu. Wakati ule ule ulikuwa na ubaya wake. Mwaka 1444 Wareno waliwauza watumwa wa Kiafrika katika mji wa Lagos wa Ureno. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi, na mwaka 1505 meli za Ureno zikaipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Watu waliojua kupima nyota walitumia elimu hiyo kuja kuharibu miji ya watu wengine. Kijana na aambiwe yote mawili, kisha aulizwe anafikiri nini.

Je, tufundisheje? Napendekeza masomo matatu, ambayo hayataki fedha nyingi.

La kwanza ni kamba ya miaka. Darasa lichore mstari mrefu ukutani kuanzia mwaka 800 hadi 1500, na kila mwanafunzi abandike jina moja mahali pake: Hunayn, Gerard, Leonardo, Petrarca, Chrysoloras. Wakimaliza, waulizwe kama mwaka 1453 waweza kuwa mwanzo. Hawatahitaji mwalimu awaambie.

La pili ni hesabu. Wagawanywe makundi mawili, kundi moja litumie tarakimu za Kirumi na jingine hizi zetu, wafanye hesabu ya mfanyabiashara anayenunua mahindi Tororo kwa shilingi za Uganda na kuyauza Busia kwa shilingi za Kenya. Baada ya robo saa watajua kwa nini kitabu cha mwaka 1202 kilikuwa jambo kubwa.

La tatu ni tafsiri. Kila mwanafunzi alete methali moja ya nyumbani, iwe ya Kiteso, ya Kidhopadhola, ya Kisamia au ya Kikhayo. Aiweke katika Kiswahili, na jirani yake aitwae kutoka Kiswahili aiweke katika Kiingereza, bila ya kuulizana. Kisha wamsomee yule wa kwanza waone ni nini kilichopotea njiani na ni nini kilichoongezeka. Hiyo ndiyo kazi ya Baghdad na Toledo, nao watakuwa wameifanya kwa mikono yao.

Najua wako watakaosema: "Tuache ya Italia, tujifunze yetu kwanza." Nawaheshimu, maana yetu hayajafundishwa vya kutosha. Ni wangapi wajuao kwamba mpaka mwaka 1902 sehemu hii ya Kenya ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda, na kwamba Waingereza waliihamisha kwa amri ya maandishi tu? Lakini kujifunza habari za Mwamko ni kujifunza namna watu walivyoyatafuta yao yaliyopotea. Petrarca alikuwa na kitabu cha Homer kwa Kiyunani, akakipenda sana, wala hakuweza kukisoma, kwa maana hakupata mwalimu wa kutosha. Sisi hali yetu ni kinyume. Walimu tunao, wazee wa Samia, wa Teso na wa Padhola wanaojua habari za koo, za vita, za masoko ya zamani na za magendo ya miaka ya 1970. Kitabu ndicho tusicho nacho, na walimu hao kila mwaka wanapungua.

Hapa nawageukia ninyi, ndugu mliosoma shuleni zamani. Florence alikuwako mtu jina lake Niccolò Niccoli, aliyetumia mali yake yote kununua na kunakili vitabu. Alipofariki mwaka 1437 aliacha vitabu vingi na madeni mengi. Cosimo de' Medici akayalipa madeni, akaviweka vitabu katika maktaba ya San Marco, iliyofunguliwa mwaka 1444 ili wasomaji wavitumie. Sisemi mlipe madeni ya mtu. Nasema kwamba katika nyumba zenu, Busia zote mbili, Malaba na Tororo, mna daftari za maduka ya baba zenu, risiti za pamba, barua, picha na vibali vya zamani vya kuvukia mpaka, navyo vinaliwa na mchwa. Vileteni katika maktaba ya shule. Kama hamwezi kuachana navyo, vileteni vinakiliwe, kisha mrudi navyo.

Nanyi wanafunzi, wakati wa likizo kila mmoja na atafute mzee mmoja, amwulize kwa adabu bei ya gunia la mtama alipokuwa kijana, walivyolipa, na walivyohesabu. Andikeni jina la mahali, mwaka, na maneno yake katika lugha yake mwenyewe, kisha tafsiri ya Kiswahili chini yake. Shule ikifunguliwa leteni karatasi hizo, nasi tutazishona pamoja kuwa kitabu.